Marufuku ya Kutazama Jana

Kwa wakazi wote wa Temeke, Kinondoni na vitongoji vyake: kuanzia Jumatatu ijayo ni marufuku kwa mwananchi yeyote kutazama jana.

Hivyo ndivyo tangazo letu lilivyoanza, na naweza kusema bila kujisifu kwamba sentensi hiyo niliiandika mimi. Mkurugenzi alitaka tuandike "kurejea kwa njia ya kielektroniki maudhui ya televisheni yaliyokwisha muda wake wa asili wa kurushwa." Nikamshauri kwamba sentensi hiyo ni nzuri sana lakini wananchi wataisinzilia. Tukaafikiana kwamba ile fupi ikae juu na ile ndefu ikae chini, kwa herufi ndogo, mahali ambako sheria nyingi nzuri huishi.

Jina langu ni Leodegar Kapinga, Afisa Mwandamizi wa Mamlaka ya Uwiano wa Wakati na Matazamio, kwa kifupi MUWAMA. Kama hukuwahi kutusikia, usijilaumu, tulikuwa chombo kipya. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila anayetazama kitu anakitazama kwa wakati wake. Ukiuliza kabla yetu kazi hiyo ilikuwa inafanywa na nani, jibu ni kwamba haikuwa inafanywa na mtu, na ndiyo maana hali ilikuwa mbaya.

Ubaya wa hali ulijitokeza Chang'ombe. Mkurugenzi wetu, Dkt. Audax Rwechungura, alikuwa njiani asubuhi moja kwenda kusimamia uzinduzi wa mfereji wa maji ya mvua. MUWAMA haikuhusika na mifereji, lakini Mkurugenzi alipewa uenyekiti wa kamati ya mapokezi kwa sababu ana sauti. Gari likakwama kwenye foleni mbele ya karakana za kuchomelea mageti. Kutoka dirisha la nyumba ya jirani ikaja sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa: Dar es Salaam itarajie mvua kubwa na upepo mkali saa chache zijazo, wananchi wachukue tahadhari.

Dkt. Audax ni mtu wa maamuzi. Alichukua tahadhari palepale, kwa simu. Maturubai yakashushwa, viti vikarudishwa, bendi ikaambiwa iende nyumbani, watoto wa shule wakatawanywa. Mgeni rasmi alipofika mchana alikuta mfereji, mbuzi wawili ndani ya mfereji, na jua la kukaushia dagaa.

Utabiri ule ulikuwa wa jana yake jioni.

"Kapinga," Mkurugenzi aliniambia siku hiyo, akiwa bado na koti la mvua. "Kuna mtu katika nchi hii anacheza hali ya hewa ya jana, dirisha likiwa wazi. Hii ni hujuma dhidi ya wakati."

Nikaandika tangazo.

*

Nyumba yenyewe haikuwa ngumu kuipata. Nilifika na dereva wetu, Salumu, aliyebaki garini, na mtaalamu wetu wa tehama, Loveness, aliyebeba begi la vifaa. Nikapiga hodi kwa sauti ya kazi.

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke. "Viatu hapo nje, baba."

"Mimi ni afisa."

"Hata maafisa wanavaga soksi."

Nikavua. Mwenye sauti alikuwa Bi Somoe, mwenyeji wa pwani, mtu mzima wa kanga mbili na macho yasiyo na haraka. Alinitazama mpaka nikasema shikamoo, jambo ambalo kanuni zetu hazikulikataza. Sebuleni palikuwa na mkeka, birika la chai ya tangawizi, sahani ya vitumbua, na watu watatu waliokuwa wamekaa kama watu wanaokaa jioni, ingawa ilikuwa asubuhi. Mmoja alikuwa Twalib, mume wa Bi Somoe, anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mabati. Wa pili alikuwa Mwajabu, muuguzi wa wodi ya usiku, bado ana saa yake ya kifuani. Wa tatu alikuwa Alfonsi, anayeoka mikate usiku kucha ili watu wengine wale asubuhi, na unga ulikuwa bado masikioni.

Wote walikuwa wanatazama kompyuta. Ilikuwa ya mezani, ya zamani, imefunguliwa ubavu mmoja, na feni ya kusimama ilikuwa inaipepea kama mgonjwa.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Kompyuta," akasema Bi Somoe.

"Inafanya nini?"

"Inaonesha tamthilia ya jana."

Loveness akaandika. Sikutegemea ukiri uje mapema kiasi hicho.

"Kwa nini hukuitazama jana hiyohiyo?"

"Jana mume wangu alikuwa kazini."

"Lakini wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Niliziba masikio."

Akanieleza, bila aibu yoyote. Kuna kidude kidogo kama kiberiti cha gesi, kimechomekwa nyuma ya kompyuta, na waya wa antena unaingia humo. Ikifika saa mbili kamili usiku kompyuta inaanza kurekodi yenyewe, kuanzia taarifa ya habari mpaka tamthilia iishe. Bi Somoe anazima kioo, anafunga mlango wa sebule, anakwenda jikoni. Redio hafungui. Mgeni akija na habari anamwambia ngoja, usiniambie. Asubuhi Twalib akirudi, anaoga, anakula, na wanatazama pamoja kuanzia mwanzo, hata habari, hata hali ya hewa.

"Sie jioni yetu inaangukiaga asubuhi," Twalib akasema. "Zamu ndivyo zilivyopangwa, mkuu. Mie na mke wangu tumekuwa tukipishana mlangoni miaka na miaka. Kukaa pamoja tumeanza tulipopata hii."

"Na siyo ile picha ya ukunguukungu," akaongeza Mwajabu. "Hii ni HD. Unaona mpaka uzi uliochomoka kwenye shungi. Mie yule mama mkwe nimejua ana kisukari, kwa kumtazama vidole tu."

Wakati huohuo picha ikaganda. Mwanamke mnene kwenye kioo alikuwa ameshika kitasa cha mlango, mdomo wazi, na sauti imekatika. Hakuna aliyeshtuka. Twalib akamimina chai.

"Imekufa?" nikauliza.

"Inameza," akasema Alfonsi. "HD nzito, mashine kongwe. Ipe nafasi imeze."

Nikaona hatari kwa ukubwa wake. Wananchi hawa walikuwa wanatazama jana, na hata hiyo jana yenyewe walikuwa wanaitazama kwa kuchelewa. Nilitangaza kwamba mtambo unachukuliwa kama kielelezo.

Twalib hakupandisha sauti. "Mkuu, mama mkwe ameshika kitasa. Tangu juzi kuna mtu anabisha hodi. Tuachie afungue, basi ndiyo uchukue."

"Sheria haisubiri kitasa," nikasema, na nikamwagiza Loveness achomoe.

Kioo kikawa cheusi. Mwajabu alijipiga paja kwa nguvu ambayo muuguzi hapaswi kuitumia kwa mtu yeyote. Bi Somoe alisimama. Alikwenda akaizima feni, akaikunjia waya, akaisimamisha ukutani.

*

Sheria inataka kielelezo kikaguliwe. Mkurugenzi aliunda kamati ya ukaguzi: yeye mwenyekiti, mimi katibu, Loveness mtaalamu. Tuliifunga kompyuta kwenye chumba cha mikutano, Loveness akaunganisha kila kitu na ikawaka bila shida. Ndani mlikuwa na jioni nyingi sana, zimepangwa kwa tarehe.

"Tutatazama dakika kumi," akasema Mkurugenzi. "Kama sampuli."

Tulianza na taarifa ya habari. Ikaja hali ya hewa, na Mkurugenzi akaitazama kwa chuki. Kisha ikaja tamthilia. Ilihusu binti mmoja, Naima, aliyeolewa na Suhaib, mtoto wa tajiri wa mashamba ya karafuu. Suhaib akazama baharini siku saba baada ya harusi. Mama mkwe akamnyima Naima funguo za nyumba, akamlaza stoo pamoja na magunia. Na mtoto yuko tumboni.

Dakika kumi zikaisha. Hakuna aliyeizima.

"Sampuli haitoshi," Mkurugenzi akasema hatimaye. "Ili tutende haki inabidi tuone mwenendo mzima wa kosa."

Kamati ikawa inakaa kila siku kuanzia asubuhi. Wageni waliambiwa Mkurugenzi yuko kwenye kikao nyeti, na haukuwa uongo. Siku mama mkwe alipomwaga uji wa Naima kwa makusudi, Dkt. Audax alisimama akaenda kusimama dirishani, akitazama paa za Kinondoni.

"Vumbi la mafaili," akasema. "Limeniingia jichoni."

"Hata mimi, Bosi," nikasema.

Loveness akatoa karatasi laini kwenye begi la vifaa, akatugawia.

Nilibaini pia mambo ya kitaalamu. Picha ya HD haimfichi mtu. Ukimwona mama mkwe anatabasamu, unaona kwamba macho hayamo kwenye tabasamu hilo. Mkurugenzi alisema kwa picha ya aina hii tungeweza kuendesha usaili wa ajira, na akaagiza niandike wazo hilo.

Tukafika kwenye kitasa. Mama mkwe akafungua mlango, na nje alikuwepo Suhaib mwenyewe, mzima, ana ndevu, na nyuma yake mwanamke mwingine amebeba mtoto. Naima akatokea na ndoo. Ndoo ikaanguka. Suhaib akafungua mdomo ili aeleze.

Kioo kikawa cheusi.

"Inameza," nikasema, nikitumia lugha ya kitaalamu.

"Imeisha," akasema Loveness. "Hiki ndicho kipande cha mwisho walichorekodi. Baada ya hapo mashine tulikuwa nayo sisi."

"Ushahidi hauwezi kuisha hivyo," akasema Mkurugenzi.

Nilimkumbusha kwamba tamthilia bado inarushwa kila jioni, na kwamba Jumamosi kituo hurudia vipande vyote vya wiki, kwa hiyo anaweza kuvitazama kwake Madale, kihalali kabisa. Akanitazama kwa huzuni. Televisheni ya nyumbani kwake ilikuwa chini ya mama mkwe wake mwenyewe, ambaye anatazama mahubiri tu tangu magharibi mpaka anaposinzia, na akisinzia analalia rimoti. Uamuzi wa mama huyo haukuwa na rufaa. Mimi sina televisheni. Nimepanga chumba nyuma ya saluni, na wakati ule nilikuwa nasubiri posho za kamati.

Wakati tunaitafakari hali hiyo, mlango ukagongwa, akaingia Bi Somoe.

Alikuwa amevaa baibui la safari za mbali, ingawa ametoka Temeke tu. Mkurugenzi akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Umekuja kufuata kompyuta?" nikamuuliza.

"Sijafuata kompyuta. Nimemfuata mume wangu."

"Mume wako hatukumchukua, mama."

"Mmemchukua," akasema. "Zamani akitoka kazini alikuwa anawahi nyumbani kama kijana. Anauliza toka mlangoni, imerekodi? Namwambia imerekodi. Anaoga haraka, tunakaa. Akicheka nacheka, akikasirika na yule mama mkwe namtuliza. Sasa akitoka kazini anapitia kwanza kijiweni, anakunywa kahawa na wenziwe, akija nyumbani amechoka, analala. Akiamka ni saa ya kwenda kazini. Tunapishana mlangoni. Jana nimempa kikombe cha chai akaniambia asante dada." Akarekebisha baibui. "Asante dada, baba. Mie ni mke wake."

Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwamba mlalamikaji alitoa maelezo yasiyohusiana na mada. Lakini nilipoinua kichwa nikaona Loveness amegeukia ukutani, na Mkurugenzi ameshika kalamu bila kuandika.

"Bi Somoe," akasema Dkt. Audax, na sauti yake ikawa ya hafla. "Mamlaka imetafakari. Ukaguzi wetu umekwama kwa upungufu wa ushahidi. Kwa hiyo naagiza mtambo urejeshwe kwa mtuhumiwa, ili aendelee kutenda kosa, chini ya usimamizi."

"Sijaelewa," akasema Bi Somoe.

"Rekodi. Sisi tutakuja kukagua."

"Mtakagua nini?"

Mkurugenzi akashusha sauti. "Mama, Suhaib amerudi."

Bi Somoe akashika kifua. "Yu hai?"

"Ana mke mwingine!" akasema Mkurugenzi, na hapohapo akajua ametoboa siri. Bi Somoe alimtazama kwa namna ambayo sijawahi kuona mwananchi akimtazama kiongozi, na kiongozi akaomba radhi.

*

Kompyuta ilirudi Chang'ombe kwenye gari la serikali, imefungwa mkanda siti ya mbele. Feni ikakunjuliwa. Jumamosi marudio yakarekodiwa, na Jumatatu asubuhi tukaenda kukagua.

Nakumbuka Twalib alivyoingia siku hiyo. Hakutuona. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa chakula, akaona taa ndogo ya kompyuta inawaka, akamuuliza mkewe, "Imerekodi?" Bi Somoe akajibu, "Imerekodi," na wote wawili wakacheka kama watu walioibiwa kitu wakakikuta barazani. Ndipo akageuka akatukuta mimi, Loveness na Mkurugenzi tumekaa kwenye mkeka wake tukiwa na soksi.

"Hawa nao?"

"Wanakagua," akasema mkewe. "Wape vitumbua."

Tukazoeana. Mwajabu alimpima Mkurugenzi presha kila siku kabla ya tamthilia na baada yake, na tofauti ilikuwa ya kuridhisha. Alfonsi alileta mikate. Mashine ilipomeza, Mkurugenzi alikuwa anatumia nafasi hiyo kueleza sera, lakini taratibu aliacha, akawa anabashiri kama wengine kwamba mtoto yule si wa Suhaib.

Tatizo likawa jiji. Dar es Salaam haina siri. Asubuhi moja muuza magazeti alimwambia Mkurugenzi kupitia dirisha la gari kwamba Naima ametoroka na boti, kabla hatujafika Chang'ombe. Dkt. Audax hakusema na mtu mpaka mchana. Kesho yake akatoa waraka, nami nikauandika: kulinda usafi wa ushahidi, wajumbe wote wa kamati watazima simu, redio na televisheni kuanzia magharibi, na hawatawasha mpaka ukaguzi wa asubuhi uishe. Aidha, mtumishi yeyote atakayemwambia Mkurugenzi jambo lolote lililotokea jana atachukuliwa hatua. Salumu akasaini kwamba ameusoma na kuuelewa.

Waraka ulitekelezwa kikamilifu. Nililala na pamba masikioni.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Alhamisi. Salumu alitupitia kama kawaida, ila hakumfungulia Mkurugenzi mlango wa gari. Mkurugenzi alisubiri kidogo, kisha akajifungulia, akasema labda mkono unamuuma. Njiani Salumu alikuwa kimya. Tulipomuuliza anaumwa nini, akasema haumwi, anatii waraka. Loveness siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kliniki.

Nyumbani kwa Bi Somoe chai ilikuwa tayari. Twalib ameoga, Mwajabu na Alfonsi wamefika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua lolote kuhusu jana: watatu walikuwa kazini na simu zao kabatini, na Bi Somoe alikuwa jikoni ameziba masikio. Akabonyeza kitufe. Taarifa ya habari ikaanza, inang'aa, mpaka vumbi la poda kwenye shavu la mtangazaji linaonekana.

"Na kutoka Dodoma," akasema mtangazaji, "mamlaka ya uteuzi imetangaza mabadiliko. Uteuzi wa Dkt. Audax Rwechungura..."

Picha ya Mkurugenzi ikajaa kioo kizima. Ilikuwa ile ya tai nyekundu. Hapo mashine ikameza.

Vikombe vikabaki hewani. Kisha Mwajabu akapiga kigelegele kilichofika mpaka kwenye karakana za mageti. Alfonsi akapiga makofi, unga ukaruka. Twalib akasimama, akampa Mkurugenzi mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, Mheshimiwa! Umeteuliwa!"

Dkt. Audax alisimama taratibu. Alijaribu kuwa na uso wa mtu ambaye hakutarajia. "Ndugu zangu," akasema, "kwa kweli nilikuwa nasikia fununu. Nimekuwa nikisema ndani ya nyumba hii kwamba Dodoma wanatutazama. Sijui ni wizara gani, lakini popote nitakapokwenda, sitaisahau Chang'ombe. Bwana Twalib, suala la zamu nitaliangalia mimi mwenyewe. Alfonsi, nitaliangalia suala la bei ya ngano. Kapinga nitakwenda naye."

Nikainama. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kufikiria nyumba ya serikali, yenye maji ndani.

"Bi Somoe," akaendelea, "marufuku yetu, huko niendako nitaifanya ya nchi nzima, lakini nyumba hii itapewa kibali maalumu cha..."

Mashine ikamaliza kumeza.

"...umetenguliwa," akasema mtangazaji. "Aidha, Mamlaka ya Uwiano wa Wakati na Matazamio imevunjwa kuanzia leo, baada ya kubainika kwamba taasisi zote zilizoulizwa hazikuweza kueleza inafanya kazi gani. Na sasa hali ya hewa."

Hali ya hewa ilisema kutakuwa na jua. Nje kulikuwa na jua.

Mkurugenzi alikuwa bado amesimama, mkono hewani, ule aliokuwa anatolea kibali. Uso wa kwenye kioo ulikuwa umeshaondoka. Uso wa sebuleni ulibaki, na niseme tu kwamba nao ulikuwa unaonekana vizuri.

"Hiyo ni habari ya jana," akasema. "Kwa mujibu wa kifungu cha nne, maudhui yaliyopita muda wake hayatazamwi. Kwa hiyo kisheria hatujaiona."

"Bosi," nikasema kwa upole, "kifungu cha nne kimevunjwa pamoja na Mamlaka."

"Kimevunjwa jana. Leo bado..."

Hakumaliza. Nadhani alisikia mwenyewe anachosema.

Mlangoni akatokea Salumu. Alikuwa amevua viatu, na mkononi ana funguo. "Samahani wenyewe," akasema. "Bosi, nimepigiwa tena. Gari linatakiwa yadi kabla ya saa nne."

"Tena? Ulikuwa unajua?"

"Tangu jana. Redio ilisema, na simu zikapigwa. Walikutafuta usiku kucha, simu imezimwa."

"Na umenibeba kutoka Madale mpaka hapa bila kusema kitu!"

Salumu akamtazama kwa heshima yote. "Bosi, nilisaini. Mtu asikwambie chochote cha jana."

Akatuaga mmoja mmoja, Bi Somoe akamfungia vitumbua viwili kwenye gazeti, na tukasikia gari linawaka, linakata kona, linapotelea barabarani. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mlio ukaisha.

Nilitegemea watu wangecheka. Wangekuwa na haki. Mwajabu alichukua mkono wa Dkt. Audax, akamfunga kile kitambaa cha presha, akapampu, akasoma. "Imepanda," akasema, "lakini siyo ya kufa. Kaa chini."

Hakukaa. Alibaki katikati ya chumba, akitafuta la kusema, na nyuma yake tamthilia ikaanza. Naima alikuwa kwenye boti. Boti ilikuwa inaingia maji. Suhaib anapiga kelele kutoka ufukweni, na yule mwanamke mwingine naye anavua viatu ili aogelee, hatujui amwokoe au amzamishe.

Twalib alikuwa amesubiri usiku mzima kiwandani. Alinyoosha shingo kulia, akanyoosha kushoto, akashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa," akaanza, kisha akasita, akafikiria, akarekebisha. "Braza Audax. Sogea kidogo, unatukinga."

Bi Somoe alikuwa ameshika birika. Akanijazia kikombe changu, akamgeukia aliyekuwa Mkurugenzi, akauliza kama anavyomuuliza mgeni yeyote.

"Mnakaa, au mnawahi kazini?"

Mamlaka ilikuwa na utaratibu wa kujibu maswali ya wananchi kwa maandishi, baada ya kushauriana. Dkt. Audax alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akaivua tai, akaitia mfukoni.

"Tunakaa, mama," akasema, na akaketi kwenye mkeka kati ya Alfonsi na mimi, akinyoosha mkono kuchukua kitumbua.